Daftari la Mchango wa 1997

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi wadogo zetu mlio madarasani hivi sasa,

Kamati ya gazeti hili imeniomba niandike historia. Nilipouliza historia ya nini, nilijibiwa kuwa ya chochote kinachoihusu shule, mradi isiwe tena orodha ya wakuu wa shule waliotangulia, kwani hiyo imekwisha kuchapwa mara tatu na kila mara ina makosa. Basi nitaandika juu ya daftari.

Ni daftari la kaunta, jalada gumu, mgongo mwekundu. Linakaa kwangu tangu mwaka 1997, nilipokuwa kidato cha pili na mtunza fedha wa kamati ya wanafunzi, kwa sababu mchango ulipokwisha hakuna aliyelidai. Kurasa zake 38 zimejaa majina na fedha. Majina ni ya wengi wenu mtakaosoma maneno haya.

Waliosoma miaka ile wamekwisha kumjua ninayetaka kumzungumzia. Jina lake silitaji, kwa kuwa watoto wake wapo nami sikuwaomba ruhusa. Na hata hivyo sisi wenyewe hatukulitumia. Tulimwita Mzee wa Mashine, ingawa umri wake wakati ule ulikuwa huu nilio nao mimi leo.

Kwa faida ya wadogo zetu, yafaa nieleze mashine yenyewe. Baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, na tangu hapo kila shule ilitakiwa iwe na miradi ya uzalishaji mali. Shule yetu ilikuwa na shamba la mahindi, banda la kuku lililokuwa likipungukiwa kuku kila likizo ilipokaribia, na mashine ya kusaga. Mashine hii ilisaga unga wa wanafunzi, na ilipopata nafasi ilisagia wanakijiji kwa malipo. Katika malipo hayo ndimo alimotolewa mshahara Mzee wa Mashine, shilingi 14,000 kwa mwezi. Hakuwa katika orodha ya mishahara ya serikali, wala hakuwa na barua ya ajira. Alikuwa katika daftari la mradi, mstari wa mwisho, chini ya dizeli na grisi.

Injini ilikuwa upande mmoja wa kibanda, kinu upande wa pili, na kati yao ulizunguka mkanda mpana wenye urefu wa hatua tatu au nne. Mkanda ulikuwa na kinga yake ya bati. Lakini mkanda ulipochakaa ulianza kuteleza na kuchomoka, na kila ulipochomoka ilibidi kinga ifunguliwe kwa spana nne. Mwishowe kinga ikaondolewa moja kwa moja ikaegemezwa ukutani, kisha ikalazwa chini. Wanafunzi wa zamu ya kubeba mahindi tulikuwa tukiikalia kama benchi. Mimi nimeikalia mara nyingi sana.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Agosti. Unga ulikuwa umekwisha tangu asubuhi, na saa saba mchana mabweni yote yalikuwa nje yakipiga sahani. Mzee alikuwa amevaa koti la mtumba lenye mikono mirefu kuliko mikono yake. Mkanda ukaanza kuteleza. Akainama kuusukuma kwa kijiti, kama alivyofanya mamia ya mara, nao ukashika koti. Aliyezima injini ni mpishi, baada ya muda ambao sitaki kuupima. Gari la shule lilikuwa juu ya matofali. Mgonjwa alipelekwa hadi barabara kuu kwa trekta la shamba la mkonge tuliopakana nalo, akalazwa juu ya majani ya mkonge, na kutoka hapo alichukuliwa na basi la abiria mpaka hospitali. Usiku ule ule alikatwa mkono wa kulia juu ya kiwiko.

Jumatatu mstarini tuliambiwa mambo mawili. La kwanza, tumwombee. La pili, shule haina fungu la kumhudumia kwa kuwa si mtumishi wake. Hospitali za serikali zilikuwa zimeanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama mwaka 1993, kwa hiyo mtu aliyelazwa alihitaji fedha za dawa, za nyuzi na glovu, na za chakula cha yule anayemuuguza. Damu ilitolewa na walimu watatu na wafanyakazi wawili wa shamba la mkonge. Fedha ndizo zilikuwa hazipo.

Wazo letu la kwanza lilikuwa jepesi. Kiranja mkuu alikwenda kwa mhasibu akamwambia wanafunzi wamekubali kuacha nyama ya Jumapili mbili, na fedha ya nyama apewe mgonjwa. Mhasibu akakataa. Alisema fedha ya nyama ni ya nyama. Tulimchukia mwaka mzima. Leo, baada ya miaka mingi ya kukaa upande ule wa meza, namwelewa kabisa: kasma ni kasma, na mkaguzi hasomi huruma. Lakini naona pia kuwa yeye na kasma zake walikuwa wameliacha tundu moja wazi, nalo ndilo lililommeza Mzee.

Basi tukachanga. Wanafunzi 412 walitoa, wengi shilingi 100, baadhi 200, na mmoja alitoa stempu ambazo ilibidi tumwuzie mwalimu. Jumla ya wanafunzi ilikuwa 47,850. Walimu na watumishi walitoa 38,500. Jumamosi mbili tulikwenda kupalilia mkonge kwa ujira, tukapata 26,400 na mikwaruzo. Msikiti wa kijijini ulitoa 11,200 baada ya sala ya Ijumaa, kanisa likatoa 13,750, na kwa wiki kadhaa palikuwa na mzaha kuhusu nani amemshinda nani. Mechi ya mpira na mdumange uliochezwa uwanjani jioni yake vilileta 29,650. Wenye maduka na kaya za kijiji walitoa 24,300. Kondakta mmoja wa basi, bila kuombwa na mtu, alipitisha kofia kwa abiria siku tatu mfululizo akatuletea 5,050 katika mfuko wa nailoni. Yote pamoja, katika wiki sita, ni shilingi 196,700.

Kuna ukurasa mwingine wenye kichwa "Ahadi". Wako watu 11, na jumla ya ahadi zao ni 41,000. Ukurasa huo uko vilevile hadi leo.

Wakati ule niliamini kuwa jambo hili tumelibuni sisi. Aliyenitoa ujinga ni mzee mmoja wa kijijini, mstaafu wa shamba la mkonge, tuliyemwendea na daftari letu. Alitoa shilingi 500, akaangalia nilivyoandika, kisha akasema, "Wajukuu zangu, mnafanya vizuri, ila mmeanzia mwisho. Sisi kambini hatukungoja mtu aumie. Kila mtu kipande chake kikijaa, alitoa senti hamsini kwa mzee wa kambi. Mtu akiumia, fedha ipo."

Maneno hayo niliyachukulia kama mazungumzo ya wazee. Nilipokwenda Chuo Kikuu na kusoma habari za mashamba ya mkonge ndipo yaliponirudia.

Kila mwanafunzi wa Tanga hufundishwa kuwa mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwamba miche iliyofika hai ilikuwa 62. Anachofundishwa kwa haraka zaidi ni watu waliofuata ile miche. Wenyeji wa Tanga wengi walikuwa na mashamba yao wenyewe, wala hawakuwa na haja ya kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Wafanyakazi wakatafutwa mbali: Waha, Wanyamwezi, Wangoni, Wabena, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na wengine kutoka Burundi na Rwanda. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kama SILABU. Walioandikishwa walipewa namba, na kwa namba hizo wakaitwa manamba.

Kipande alichokitaja yule mzee ni kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyofanya kazi ilitiwa alama. Siku usiyofanya haikutiwa. Mshahara ulitoka kadi ilipojaa. Hebu mfikirie mtu aliyeumia akiwa amebakiza siku chache kadi yake ijae, kwao ni Kigoma, na hapa hana shangazi wala mjomba. Na kuumia kulikuwa karibu. Majani yalipofika kiwandani yalipitishwa katika korona, mashine kubwa inayoponda jani na kuliparua hadi zibaki singa tupu, na iliyoweza kufanya vivyo hivyo kwa kiganja cha mtu aliyekuwa akiilisha. Mbele yake kulikuwa na mashine za brashi, na za kushindilia marobota. Pale kijijini kwetu tuliwakuta wazee kadhaa wenye vidole pungufu, nasi tulipokuwa watoto tulidhani wamezaliwa hivyo.

Watu waliokaa mbali na ukoo wao waliunda ukoo mwingine. Katika makambi, watu wa kabila moja walikuwa na mzee wao, aliyesuluhisha ugomvi na kutunza fedha za wenzake. Katika miji ya pwani kazi kama hiyo ilifanywa na vyama vya ngoma. Beni, ile ngoma iliyoiga bendi za kijeshi na kugawana vyeo vya ufalme na ujenerali, ilikuwa na makundi mawili makubwa yaliyoshindana, Marini na Arinoti, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilienea mpaka bara. Terence Ranger, aliyechapisha kitabu kizima juu ya ngoma hizi mwaka 1975, alionyesha kuwa nyuma ya sare na matarumbeta palikuwa na kusaidiana: mwanachama akiugua alitazamwa, akifa alizikwa kwa heshima. Wakubwa wa kikoloni waliona watu wazima wanaocheza. Mwanachama aliona mahali pa kuangukia.

Hata sisi makarani hatukuwa nyuma. Chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika kilianzishwa hapa hapa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wake, kikawaweka Waislamu na Wakristo, na watu wa makabila mbalimbali, chini ya paa moja. Nalitaja hili kwa kuwa vijana wengi hudhani chama cha watumishi ni jambo la kukatwa fedha tu katika hati ya mshahara.

Sheria nayo ilikuwa wapi? Ujerumani ilikuwa imetunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, yaani mwaka mmoja kabla ya kuitwaa nchi hii. Sheria hiyo ilimlinda mfanyakazi wa kiwanda kule Ujerumani. Mkata mkonge wa Tanga haikumfikia. Uingereza ilikuwa na sheria yake ya fidia tangu 1897, na Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya fidia ya ajali mwaka 1925, wakati Tanganyika ikiwa tayari chini ya Waingereza. Hata hivyo ilitubidi tungoje mpaka vita vya pili viishe ndipo likaja Tangazo la Fidia, lile lililokuja kuwa Sura ya 263 katika vitabu vya sheria. Kwa nusu karne, basi, fidia pekee ya mkata mkonge aliyekatwa ilikuwa senti hamsini za wenzake.

Sura ya 263 ilidumu. Ilipita uhuru, ikapita Azimio, ikapita kutaifishwa kwa mashamba ya mkonge, ikapita na mageuzi yote ya miaka ya 1980 na 1990. Viwango vyake vya fedha vilibaki nyuma huku shilingi ikishuka. Mpaka sheria mpya inakuja, fidia ya juu kabisa kwa mtu aliyepata ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000. Hiyo ndiyo ya juu kabisa.

Nilipoijua tarakimu hii kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari mtumishi, nimepewa jalada la ajali nilishughulikie. Nilirudi nyumbani nikalitoa daftari sandukuni. Watoto wa shule, waumini, wacheza mdumange na kondakta mmoja walikuwa wamemshinda mtunga sheria kwa shilingi 88,700. Nilijivuna kidogo, nakiri. Halafu nikaanza kuhesabu upya.

Zile 196,700 zilikwenda hivi. Shilingi 93,450 ziliishia hospitali, katika dawa, nauli na chakula cha mkewe aliyekaa naye wiki saba. Zilizobaki, 103,250, tulimkabidhi mwenyewe mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Alinunua mbuzi watano, na mkewe akafungua genge. Tukapiga makofi, tukapiga na picha, ambayo mwenye nayo namwomba ailete siku ya mkutano. Tulipoondoka pale kila mtu alikuwa mwepesi moyoni. Naamini mwepesi kuliko wote alikuwa yule aliyepaswa kulipa, kwani tangu siku ile hakuna aliyemkumbusha. Katika vikao vyote vya kamati vilivyoandikwa humu, hakuna mahali neno "sheria" linapotokea. Hakuna mahali tulipouliza kinga ya mkanda iliondolewa na nani. Mashine ilikuwa imeanza kusaga tena siku ya tisa, bila kinga, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa na njaa.

Kisha zikaja mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998. Barabara ilikatika. Tulikuwa tumeambiwa kuwa KCMC kule Moshi wako mafundi wa viungo bandia, na mwalimu wetu mmoja alikuwa amekwisha kuandika barua; safari ikaahirishwa, na ilipowezekana fedha haikuwapo tena. Genge lilichukuliwa na maji pamoja na bidhaa. Mbuzi watatu walikufa. Kufikia Pasaka, mchango wetu ulikuwa mbuzi wawili.

Mzee wa Mashine aliishi miaka 17 baada ya ajali. Alijifunza kulima kwa mkono wa kushoto, jembe akilibana kwapani, na alikuwa na mzaha wake kwamba sasa hawezi kupiga makofi kwa mwanasiasa yeyote. Wanawe wawili waliacha shule. Nimefanya hesabu hii mara kadhaa, nami naiweka hapa ili wenye kalkuleta waihakiki: kama angelipwa shilingi 5,000 tu kila mwezi, pungufu sana ya nusu ya mshahara wake, mchango wetu wote ungefikiwa katika mwezi wa 40, na hadi kifo chake angekuwa amepokea zaidi ya milioni moja. Hakuna kofia itakayopitishwa mara 204.

Sisi watu wa pwani tunajua kuchanga. Tuna ubani wa msiba na tuna michango ya arusi ambayo siku hizi ina kadi na makatibu. Lakini tazama: msiba una arobaini yake, arusi ina siku yake, na mwisho wake unajulikana. Mtu aliyeumia hana arobaini. Kesho yake yupo, na mwaka wa tisa yupo, na watu wale wale waliochanga kwa machozi wanaanza kupishana naye njiani kwa haraka. Yule mstaafu wa mkonge aliliona hilo. Senti hamsini za kila kipande zilikuwa ndogo, lakini zilikuja kila mwezi, na zilitolewa kabla ya kujulikana nani ataumia.

Jambo hilo la mwisho ni kubwa kuliko lionekanavyo, na ushahidi wake umo humu humu katika daftari. Mwaka 1999 mlinzi wa shule alianguka kutoka kwenye mnara wa tangi la maji, alipotumwa kwenda kufungua koki, akavunjika nyonga. Alikuwa mtu mkali. Alikuwa amewakamata wengi wetu uzioni usiku, na fimbo yake haikubagua vidato. Mchango wake uko ukurasa wa mwisho: shilingi 9,150, na kati ya hizo 5,000 ni za mkuu wa shule. Mimi mwenyewe nilitoa 50. Nyonga yake iliuma sawasawa na ya mtu mpole.

Sheria mpya, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20, ilitungwa mwaka 2008. Mfuko wake ulianza kupokea michango ya waajiri Julai 2015 na kulipa mafao kuanzia Julai 2016. Kwa watumishi wa umma, mwajiri huchangia asilimia 0.5 ya mshahara. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka 2022. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Aliyepata ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi, na yuko pia anayelipiwa mtu wa kumhudumia. Ukiwaondolea wanasheria maneno yao, hiki ni kile kibubu cha mzee wa kambi, isipokuwa kwamba safari hii anayetia senti hamsini ni mwenye korona.

Sisemi michango iachwe. Pensheni haipatikani usiku wa ajali, wala haichangii damu, wala haimlazi mtu juu ya trekta. Nimeona majalada yanayochukua muda mrefu kuliko uvumilivu wa jeraha. Usiku ule anahitajika kondakta mwenye kofia. Ninachosema ni kwamba sisi tulifanya kazi ya usiku mmoja tukadhani tumemaliza kazi ya miaka 17.

Mwaka jana nilipita shuleni. Mashine siku hizi ni ya umeme, imewekewa wavu pande zote, na kijana anayeiendesha huvaa ovaroli inayomkaa. Nilimwomba mkuu wa shule anionyeshe orodha ya watu wanaolipwa na shule yenyewe nje ya mishahara ya serikali. Alikuwa mkarimu, akalitoa jalada bila kusita. Walikuwa saba. Walinzi wawili wameajiriwa kupitia kampuni, nao wameandikishwa katika Mfuko. Wapishi wanne na yule kijana wa mashine hawakuwamo. Mkuu akaniuliza kama vibarua nao huandikishwa. Nikamwambia habari za daftari.

Nilirudi mwezi Januari. Fomu zilikuwa zimekwisha kujazwa, majina yote matano kwa mwandiko mzuri, zikingoja sahihi ya mwenyekiti wa bodi. Mwenyekiti ni mwenzetu, alimaliza kidato cha nne mwaka 1994, na amethibitisha kuwa atahudhuria mkutano. Mkuu wa shule ameahidi kuja na lile jalada. Mimi nitakuja na daftari, likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa ahadi, pamoja na kalamu.